Kiti cha Nyuma Kilichoanikwa Pamoja na Ndagala

Niliyetapika ni mimi. Ninalisema mapema ili msomaji asijisumbue kutafuta mkosaji. Hata nyumbani hawakumtafuta muda mrefu: shati langu lilitoa ushahidi kabla sijafungua mdomo, na mdomo wenyewe ulikuwa umeshafunguka vya kutosha.

Papa, yaani baba yangu, anauza mawese. Kila baada ya wiki mbili gari letu hupanda milima mpaka Fizi na bidoni tupu, kisha hushuka Baraka na bidoni zilizojaa, na wakati wa likizo kubwa mimi hupelekwa kama mbebaji asiyelipwa. Ijumaa ile, papa alipokuwa akizunguka kwa watu wa michikichi, nilibaki kwa mjomba nikishindana kula na mtoto wake. Sheria ilikuwa moja: anayeshindwa anaosha sufuria zote. Tulikula bugali na maharagwe yanayoogelea katika mawese, tukala ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, na nilipoona mwenzangu anaanza kuhema nikamalizia na kikombe kikubwa cha maziwa ya mgando ili kumvunja moyo. Alivunjika. Nilishinda. Katika aibu yote inayofuata, naomba ushindi huo usisahaulike.

Njia ya kushuka kutoka Fizi ina kona, na baada ya kona kuna kona nyingine inayoikasirikia ya kwanza. Nilikaa kiti cha nyuma, katikati ya bidoni. Kwanza mate yakanijaa mdomoni bila sababu. Kisha masikio yakawa baridi. Kisha jasho likatoka juu ya mdomo, pale ninaposubiri masharubu yaote. Nikanyamaza.

Papa akanitazama kwenye kioo. "Leo umetulia. Mungu ni mwema."

Kona iliyofuata ilionyesha kwamba Mungu ni mwema lakini maziwa ya mgando hayana subira.

Papa alisimamisha gari, akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akaufunga, akatembea mpaka ukingoni mwa barabara akatazama bonde kwa muda. Aliporudi alikuwa na wazo. Alichukua bidoni ya maji na kuimimina yote juu ya kiti. Wote wawili tuliona kazi imekwisha, maana kiti kilionekana safi. Leo najua kilichotendeka: maji yalikusanya kila kitu kilichokuwa juu, yakakishusha chini, yakakificha mahali ambapo mkono haufiki. Tulipofika nyumbani papa akafunga vioo vyote kwa sababu ya wezi. Jumamosi gari likakaa juani likiiva taratibu.

Jumapili baada ya misa mama alifungua mlango, akaufunga, akasema neno la Kibembe ambalo sitaliandika kwa sababu alikuwa ametoka kupokea komunyo.

Mama ana kuku mwekundu aliyezoea kutaga chini ya gari, kwenye kivuli. Mlango ulipofunguliwa, kuku alisimama, akatikisa kichwa, akaondoka akapita uani na kwenda kwa jirani. Aliacha yai. Kuku anayeacha yai lake amekata tamaa na nyumba nzima.

Hapo ndipo yaya alipoanza kulia, na sasa lazima nieleze kwa nini, vinginevyo mtadhani dada yangu analilia viti.

Yaya alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mboko. Jumamosi iliyokuwa inakuja, mama yake kijana angefika kwetu kwa mara ya kwanza, kutuona tunavyoishi na kula mezani kwetu. Papa, mbele ya watu wengi na kwa sauti ya mtu mwenye gari, alikuwa ameahidi kumfuata yeye mwenyewe. "Mama mukwe hatapanda moto," alisema, akimaanisha pikipiki. "Mama mukwe atakaa nyuma kama waziri." Nyuma, yaani pale pale.

Na huyo mama alikuwa ameuza ndagala maisha yake yote. Watu walisema anaweza kusimama mbali na mfuko uliofungwa akakwambia samaki wa ndani wamekaa siku ngapi. Walisema pia kwamba aliwahi kumkataa msichana mmoja wa Swima kwa sababu mtungi wa maji wa kwao ulinuka samaki. Kama ni kweli sijui. Kwa yaya ilikuwa Injili.

"Nikikosa bwana juu ya matapishi yako," aliniambia, "we njo utanilisha mpaka nizeeke!"

"Yaya, mi mwenyewe bado nalishwa."

Alinitupia kandambili. Ilinipata. Alikuwa na hasira lakini mkono wake ulikuwa sawa.

Papa alitoa hukumu jioni ile. Mimi ndimi niliyechafua, mimi nitasafisha. Ikifika Ijumaa jioni gari bado linanuka, ataazima gari la mtu mwingine, na mimi nitasimama mbele ya mama mukwe nimweleze kwa mdomo wangu kwa nini tumekuja na gari la kuazima. "Kwa mdomo ule ule," alisema. Papa hafanyi mizaha mara nyingi, ndiyo maana ikifika inauma.

Jumatatu nilianza na marashi ya yaya. Alinipa mwenyewe, chupa nzima, na macho mekundu. Nilipulizia kiti, dari, milango, hata usukani. Kwa robo saa gari lilinukia vizuri. Baada ya hapo harufu mbili zikafahamiana, zikaoana, na kilichozaliwa sitakisahau. Sasa gari lilinuka kama mtu aliyetapika akiwa amevaa kwa ajili ya harusi. Afadhali ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa mnyenyekevu.

Jumanne nikakumbuka shule. Mwalimu wetu wa kemia alitufundisha kwamba vitu vikavu vya ungaunga hunyonya maji na harufu. Sikumbuki alitaja unga gani, siku ile nilikuwa nachora ndevu kwenye picha ya kitabu. Lakini unga nyumbani upo, na Baraka unga ni wa muhogo. Nilichota beseni la mama, nikaumwaga juu ya kiti kilichokuwa bado na unyevu, nikaupigapiga uingie kila ufa. Kuku wengine wasije kuula, nikafunga vioo vyote. Nikaenda kucheza mpira kwa moyo mweupe.

Jumatano asubuhi mama aliniita kwa majina yangu yote matatu. Nilipofika alikuwa ameshika mlango wa gari wazi, na kitambaa puani.

"Hii ni nini?"

Unga ulikuwa umekunywa maji, ukavimba, ukashika kiti kama mkate. Joto la ndani likamalizia. Wanaokula bugali wanajua mihogo inavyonuka ikiwa imeroweshwa siku tatu kwenye pipa: harufu inayoita nzi kutoka Ubwari. Ndiyo ilikuwemo, na chini yake marashi, na chini ya marashi, mimi.

"Ni kemia, mama."

"Umerowesha mihogo ndani ya gari ya baba yako." Alisema polepole, kama anayesoma barua ya msiba. "Mi nikirowesha, mwisho batu banakula bugali. We, mwisho wako ni nini?"

 Nikachukua kisu na kuanza kukwangua. Yaya alipita na ndoo kichwani, akatazama, akaendelea na njia yake. Ningependa angetupa kandambili nyingine. Mtu anayekutupia kandambili bado ana matumaini na wewe. Jumatano ile ndipo nilipoacha kucheka. Nilielewa kwamba anaweza kweli kupoteza kitu, na kwamba nitakuwa nimekipoteza mimi, kwa kikombe cha maziwa.

Aliyenikuta nikikwangua ni jirani yetu, mama mmoja aliyetoka Burundi na familia yake, ambaye wakati wa mvua analima na kiangazi anaanika ndagala pwani. Alikuwa anarudi na karai lake kichwani.  Alitua karai, akaingiza kichwa garini, akanusa kiti. Akanusa mgongo wa kiti. Akapiga magoti akanusa chini, pale kiti kinapokutana na sakafu, akatoka akicheka.

"We kijana, unapigana na kivuli. Harufu haiko huku juu. Inalala chini, sawa mwizi chini ya kitanda. Ondoa kiti."

"Kiti hakiondoki, mama. Ni cha gari."

"Waliokiweka walikuwa malaika?"

Hawakuwa malaika. Zilikuwa bolti nne, na spana ya papa ilizifungua zote, ingawa ya mwisho ilidai ngozi ya kidole changu. Tulipoinua kiti, wote wawili tulirudi nyuma hatua tatu. Zulia la chini lilikuwa limelowa tangu Fizi. Na juu ya zulia, wazima kabisa, walikuwa wamelala ndagala watatu na macho yao wazi. Walinitazama. Niliwatambua. Walikuwa wa ushindi wangu.

"Hawa haukutafuna," alisema jirani.

"Nilikuwa na haraka, mama. Ilikuwa mashindano."

Alhamisi alfajiri tulibeba kiti mpaka ziwani, mimi mbele na papa nyuma. Papa alibeba, na kwa papa hilo ni hotuba. Jirani alitupokea kama fundi anayepokea wanafunzi wajinga. Tulivua kitambaa cha kiti, tukatoa sponji, tukavisugua kwa sabuni ya mawese, ile ya kahawia inayopikwa kwenye pipa. Sponji nililikanyaga katika karai kwa miguu, maji yakatoka ya kijivu, tukamwaga, nikakanyaga tena, yakatoka ya maziwa, tukamwaga, nikakanyaga mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia. Mwisho akakamua ndimu. Zulia nalo likapita njia hiyo hiyo. Kisha akanielekeza kwenye vichanja vyake, zile nyavu zilizoinuliwa juu ya miti, zenye ndagala wanaometameta.

"Weka pale."

Nilikataa. Nimeteseka siku nne kutoa harufu, sasa nikilaze kiti katikati ya samaki?

Alishika kiuno. "Ndagala yangu ikinuka, nauzia nani? Inayonuka ni ile ya mvivu, aliyeiacha mchangani imelala upande mmoja. Kitu kikipata jua juu na upepo chini, na mtu wa kukigeuza, hakinuki. Weka upande upepo unatokea. Kila saa unageuza. Ukilala, ni juu yako."

Basi nikageuza. Siku mbili nzima nilisimama pwani nikigeuza sponji, kitambaa na zulia kama mtu anayechoma mahindi ya majitu. Nilifukuza mbuzi. Nilifukuza kunguru mmoja aliyeamini sana kwamba sponji ni nyama. Na kwa kuwa Baraka haina siri, wanafunzi wenzangu wote walikuwa na safari za ghafla za kupita pwani.

"Mkubwa! Kiti kilo ngapi?"

"Hicho kibichi au kikavu?"

"Kinapikwa na nyanya ao na karanga?"

"Kinapikwa na mdomo wako," nilijibu, "umeshapata moto." Lakini walikuwa wengi na mimi nilikuwa na saa ya kugeuza, kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani niliwaacha wengine wamalize mzaha.

Wakati huo gari lenyewe lilikaa uani, milango minne wazi, limepigwa deki, na ndani yake mabeseni mawili ya makala, yaani makaa ya kupikia. Hilo pia lilikuwa agizo la jirani: makala yanakunywa harufu, alisema, ndiyo maana mtu hawezi kujua jana jiko lilipika nini. Yaya ndiye aliyeyapanga. Ijumaa mchana aliniletea pwani sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, akakaa kidogo, akageuza zulia mara moja kwa mkono wake mwenyewe.

"Litakauka?" aliuliza.

"Litakauka, yaya." Sikuongeza kichekesho chochote, mpaka akaniangalia kama nina homa.

Ijumaa jioni tulirudisha kila kitu, bolti nne, kidole kingine. Papa akaingia akafunga mlango na vioo. Tukasubiri nje kama watu wanaosubiri moshi wa Roma. Alikaa muda mrefu mpaka mama akaanza kuogopa. Alipotoka alisema tu, "Kesho saa mbili tunaondoka. Uoge." Lakini hukumu niliyoiamini ni ya asubuhi. Nilipofungua mlango, kuku mwekundu wa mama alitokea kwa jirani kama mtu anayerudi kutoka uhamishoni, akaruka juu ya kiti cha nyuma, akazunguka mara mbili na kulala. Ilibidi nimtoe kwa nguvu. Nilikaribia kumbusu.

Papa alinichukua ili nifungue mlango na kubeba mizigo ya mgeni. Mboko, mama mukwe alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, mwanamke mfupi, kitenge kipya, na pua ya kawaida kabisa; nilikuwa nimetegemea kitu kikubwa zaidi. Nilifungua mlango wa nyuma. Hakuingia. Aliinama akavuta hewa mara moja. Akaingiza kichwa, akavuta mara ya pili. Akaweka mkono juu ya kiti, akaunusa mkono. Papa alikuwa ameshika usukani kama mtu anayeombewa.

"Baba," alisema mwishowe, "hii gari inaanikwa?"

Papa alinigeukia.

"Inanukia jua," alisema, akaingia, akakaa kama waziri.

Nilikaa kando yake, nikatazama ziwa nje ili asione meno yangu yote. Siku nane za mateso ziligeuka kuwa sukari. Nilitaka barabara iwe ndefu mpaka Kalemie.

Tulipokaribia Swima, barabara ilianza mashimo yake, na mama mukwe, aliyekuwa akieleza bei ya ndagala tangu Mboko, alinyamaza. Papa alifikiri amechoka. Mimi nilimtazama pembeni. Alikuwa anameza mate. Kisha akagusa sikio lake kana kwamba limepata baridi. Kisha juu ya mdomo wake ikatokea mistari midogo ya jasho.

Kuna watu wanaojua Kilatini. Mimi hiyo lugha ndiyo ninayoijua.

Hakukuwa na muda wa kusimamisha gari. Niliingiza mkono chini ya kiti nikitafuta mfuko, sahani, kofia ya papa, chochote, na kidole changu kibovu kikagonga bati. Beseni la makala. Yaya aliweka mawili, na katika furaha ya asubuhi tuliondoa moja. Nililivuta, nikalipandisha magotini mwake, nikatandaza pembe ya kitenge chake mbele kama pazia, na mara hiyo hiyo mama mukwe akainama kwa heshima zote.

Halikuanguka hata tone. Makala yalikunywa kila kitu, kimya.

"Papa!" nilipiga kelele, "simama! Nataka kukojoa!"

"Mgeni yumo garini, na we unaongea mambo ya mkojo?"

"Papa, naapa!"

Alisimama huku akimwomba mama mukwe msamaha kwa mtoto aliyemlea vibaya. Nilishuka nikiwa nimekumbatia beseni upande ambao papa haoni, nikaenda nyuma ya kichaka, nikamwaga, nikasuuza ziwani, nikarudi. Nilimpa mama mukwe kipande cha ndimu nilichokuwa nacho mfukoni tangu Alhamisi. Alikinyonya. Tulipoanza kwenda alinisogelea.

"Umejuaje?" aliuliza chini chini.

"Mi ni fundi, mama."

Alinitazama sana, kisha akavuta hewa tena, akatazama kiti, akatazama beseni. Yule mama ana akili. Niliona anaelewa hadithi nzima, kuanzia Fizi. Bega lake likaanza kutikisika, akafunika mdomo kwa kitenge, akacheka mpaka machozi. "Mi na we," alisema, "hatujasema kitu." Nikaapa. Humu sijamtaja mtu jina, kwa hiyo kiapo bado kizima.

Nyumbani alikula kama mtu mwenye tumbo jipya. Alisifu bugali, alisifu samaki wa mukeke aliyepikwa na mama, alimwita yaya akamkalisha karibu naye, akamshika mkono na hakuuachia. Na mbele ya wote, papa, mama, wajomba na majirani waliojipa kazi za kupita uani, alisema: "Mi nimefanya kazi ya samaki miaka yangu yote. Nyumba chafu, nainusa ningali njiani. Hapa nimenusa hata chini ya kiti. Huyu binti njo wetu." Vigelegele vya mama vilimfukuza kuku tena, lakini safari hii alirudi baada ya dakika.

Yaya alinibana jikoni. "Ulimupa dawa gani?"

"Kemia," nilimwambia. Alinipiga kofi la mgongoni, lile la upendo, ambalo kwetu halina tofauti na lile lingine.

Jioni wakati wa kumrudisha, papa alifungua mlango wa nyuma mwenyewe. Mama mukwe alikataa kuingia mpaka nije nikae naye. Kisha akaonyesha beseni la pili la makala, lile tulilolitoa garini asubuhi, akaliomba. Mama akashangaa, akasema wana makala mazuri ya kutosha kumjazia mfuko mzima. "Hapana," alisema mgeni, "haya haya ndani ya beseni, nimeyapenda." Akalipakata magotini, akalifunika kwa kitenge kama anayebeba mayai, akanikonyeza.

Papa aliendesha taratibu mpaka Mboko, akijiuliza ni desturi gani hiyo ya bakwe kuondoka na makala. Mpaka leo anajiuliza. Sufuria za Fizi bado anaziosha mtoto wa mjomba.